Elimu kwa Umma: Tunayoyaona Siku ya Malipo ya Inua Jamii

Kila baada ya malipo ya Inua Jamii, swali moja hurudi katika mabaraza ya wadi za Elburgon, Turi, Mariashoni na Molo: mbona serikali inawapa watu pesa za kunywa? Anayeuliza kwa kawaida si mtu wa roho mbaya. Ni mtu aliyeona jambo. Alimwona mzee wa jirani akitoka kuchukua pesa na kuingia moja kwa moja kwenye baa, au alimwona kijana akimpokonya nyanyake noti ya elfu, na tangu siku hiyo hakuna anayeweza kumshawishi kwamba mpango huo una faida. Kisha mwingine husimama na kumjibu kwa hasira kwamba mamake, aliyepooza upande mmoja, angekuwa ameshazikwa kama si pesa hizo. Chifu hufunga baraza kwa maombi, na kila mmoja hurudi nyumbani na msimamo aliokuja nao.

Katika somo la toleo hili tunawaangalia watu hao wawili. Wote wanasema kweli kuhusu walichokiona. Tatizo huanza pale kila mmoja anapochukua alichokiona yeye na kukifanya kuwa habari ya watu wote. Na hili si suala la kubishana tu, kwa sababu maneno tunayoyasema barazani yanaweza kufanya jina la mtu liandikwe au lirukwe.

Mpango wenyewe

Inua Jamii ni mpango wa Serikali ya Kitaifa, ingawa malalamiko mengi kuuhusu huletwa katika ofisi za wadi za kaunti. Ulianza kidogo kidogo. Mwaka 2004 pesa za mayatima na watoto walio katika mazingira magumu zilijaribiwa Nairobi, Kwale na Garissa. Baadaye zikaja pesa za wazee, na mwaka 2011 zikaanza za watu wenye ulemavu mkubwa, yaani wale wanaohitaji kutunzwa na mtu mwingine saa zote. Mwaka 2018 pesa za wazee zilifunguliwa kwa wote waliofikisha miaka 70 na ambao hawana pensheni. Msingi wake ni Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010, kinachoitaka serikali kuwasaidia watu wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea.

Kiasi kinacholipwa ni sh2,000 kwa mwezi, na mara nyingi zimelipwa kwa mkupuo wa miezi miwili au zaidi. Ukizigawa ni kama sh67 kwa siku, kwa nyumba nzima. Kiasi hicho kimebaki palepale kwa zaidi ya miaka 10, na sote tunakumbuka mwaka 2022 pakiti ya unga ya kilo mbili ilipopita sh200.

Tazama tena makundi hayo matatu: mzee wa miaka 70, mtoto yatima, mtu asiyeweza kujihudumia. Kijana unayemwona akiyumbayumba karibu na stendi jioni ya siku ya malipo hayumo katika orodha yoyote kati ya hizo. Huenda pesa aliyonywea ni ya kubeba magunia ya viazi, au ya bodaboda, au kweli ni ya nyanyake. Ukiwa upande wa pili wa barabara huwezi kujua ni ipi. Lakini kwa kuwa siku hiyo sote tunajua kuna malipo, tunalijaza jibu wenyewe.

Nilichokiona mimi

Ni haki msomaji ajue mwandishi anasimama wapi. Mimi nililelewa Elburgon, na baba yangu alikuwa mpasuaji mbao. Enzi hizo mji huu ulinuka mbao mbichi kuanzia reli hadi barabara ya Molo, na Jumamosi ilikuwa siku ya mshahara. Mama alikuwa akinituma nikamsubiri baba njiani, nimwombe pesa za unga kabla hajafika kilabuni. Siku chache nilimpata. Siku nyingi nilichelewa, na kumwita mzee mlangoni mbele ya wenzake ilikuwa ni kujitafutia kichapo.

Nilikua nikiamini jambo moja: mlevi hapewi hata shilingi. Hakuna aliyenifundisha. Niliijua imani hiyo kwa tumbo.

Miaka mingi baadaye nilikuwa mmoja wa wajumbe wa kijiji waliosaidia kutambua familia za kuandikishwa kwa pesa za mayatima. Baraza lilipofika kwenye nyumba ya mzee mmoja aliyekuwa akilea wajukuu watatu pamoja na mkewe, niliinua mkono. Nikasema, "Chifu, huyo mzee tunamjua sote. Ukimpa pesa umempa mwenye kilabu." Watu wakacheka. Hakuna aliyepinga, na jina likarukwa.

Sikusema uongo. Mzee alikuwa akinywa. Nisichokiuliza ni swali dogo tu: nani angechukua pesa? Katika mpango wa mayatima, mpokeaji ni mlezi wa watoto, na mlezi katika nyumba ile alikuwa nyanya, mama wa kanisa ambaye hajawahi kuonja busaa hata kwenye harusi. Nilipokuja kulijua hilo, karibu miaka miwili ilikuwa imepita, na usajili mwingine ulikuwa umefika. Safari hiyo jina liliandikwa. Mjukuu wa kwanza, msichana, alikuwa ameshaacha shule na kwenda Nakuru kufanya kazi ya nyumba. Nilipokwenda kumwomba nyanya msamaha aliniambia, "Mwanangu, wewe ulimwona mzee wangu. Mimi hukuniona."

Akili inavyohesabu

Kwa nini hukuona? Mwaka 1973 wataalamu wawili wa saikolojia, Amos Tversky na Daniel Kahneman, walieleza jambo ambalo limethibitishwa mara nyingi tangu hapo: binadamu akiulizwa jambo fulani hutokea mara ngapi, hahesabu. Huangalia ni kwa wepesi gani mifano inamjia akilini. Ikija upesi, anasema ni mengi. Ikichelewa, anasema ni machache.

Sasa fikiria ni mifano gani huja upesi siku ya malipo. Mlevi huimba, huanguka, hugombana na mwenye duka, na watoto humfuata wakicheka. Kesho yake habari inasimuliwa kwenye mto wa kufulia na kwenye matatu ya Njoro. Nyanya aliyenunua unga, sabuni na nusu lita ya mafuta, akalipa deni la dukani na kupanda kilima taratibu na mfuko wake wa kiondo, hana habari ya kusimulia. Hakuna anayefika nyumbani na kusema, "Leo nimeona mzee akinunua dawa ya presha." Kwa hiyo mlevi mmoja hukumbukwa na watu 50, na nyanya 20 hawakumbukwi na mtu.

Ukiongezea historia ya mtu binafsi, mizani inazidi kuegemea upande mmoja. Mimi nilibeba Jumamosi za baba yangu hadi kwenye baraza lile. Jirani yangu ambaye kaka yake alipona uraibu baada ya kutibiwa humtazama mlevi kwa jicho jingine kabisa. Humwona mgonjwa aliyechelewa kufika hospitali. Mwenye duka humjua mzee kwa deni lake. Mwenye kilabu humwona kila jioni na hawezi kuamini kuwa kuna wazee wasiokunywa, kwa sababu hao hawafiki kwake. Kila mmoja ana ushahidi wake, na kila mmoja amesimama mahali panapomwonyesha sehemu tu.

Wahenga wetu nao hawatusaidii sana hapa. Tunapenda kusema samaki mmoja akioza wote wameoza. Methali hiyo ni ya kweli kwenye kapu la samaki, ambako uozo huambukizana. Kwenye orodha ya wazee waliotawanyika vijijini haina kazi yoyote, ila hutumika kila siku.

Foleni nayo hufundisha

Nimegundua pia kwamba watu waliowahi kupanga foleni ya msaada husema tofauti na wasiowahi. Baada ya machafuko ya 2007 na 2008, familia nyingi za Molo, Elburgon na maeneo jirani zilizofukuzwa makwao ziliandikishwa kupokea sh10,000 za kuanzia maisha, na sh25,000 kwa waliochomewa nyumba. Wakati huo, waliokuwa na nyumba zao salama walisema mengi kuhusu waliokuwa kwenye mahema: kwamba wengine ni wakimbizi wa kujifanya, kwamba pesa zinaishia kwenye pombe. Udanganyifu ulikuwepo. Lakini waliolala kwenye mahema hayo na watoto, huku wakisikia wakiitwa wadanganyifu wote kwa pamoja, hawajasahau. Wengi wao leo ndio wazee wanaonyamaza barazani mtu anapoanza kuwasema wapokeaji wa Inua Jamii.

Ila foleni hufundisha mafunzo mawili. Mwenye uchungu kuliko wote mara nyingi si tajiri asiyehitaji kitu, bali ni yule aliyepanga foleni, akastahili, na jina lake likakosa. Akimwona jirani aliyepata akinunua hata chupa moja, uchungu huo unapata sababu. Afisa au mjumbe yeyote anayesikiliza malalamiko ya aina hiyo afahamu kwamba chini ya neno "anakunywa" huenda kuna neno jingine: "mbona si mimi?" Na hilo la pili linastahili kujibiwa kivyake, kwa kueleza wazi orodha ilitengenezwa vipi.

Kuna na jambo la mbao. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma kwa siku 90, na marufuku hiyo ikaongezwa mara kwa mara hadi Rais William Ruto alipotangaza kuiondoa Julai 2023. Kwa mji uliojengwa juu ya mbao, miaka hiyo mitano ilikuwa mirefu. Mashine zilinyamaza, wapakiaji na madereva wakakaa, na hata wauza chai karibu na viwanda wakafunga. Mpita njia aliwaona wanaume wamekaa mchana kutwa, baadhi wakinywa, akahitimisha kuwa Elburgon ni mji wa wavivu. Alikiona kilichokuwa mbele yake, ila mashine iliyonyamaza haikuwa mbele ya macho yake. Haya hatuyasemi kumtetea mlevi. Marufuku yenyewe ilikuwa na sababu zake, kwani Mau ni chanzo cha maji yetu. Tunasema tu kwamba kinachoonekana huja na historia ambayo haionekani.

Waliohesabu walipata nini?

Njia ya kutoka katika ubishi wa "mimi nimeona" ni kuhesabu. Na kazi hiyo imefanywa.

Hapa Kenya, mpango wa mayatima ulipimwa kwa kulinganisha nyumba zilizopokea na zile ambazo hazijapokea, mwaka 2007 na tena mwaka 2009. Nyumba zilizopokea zilitumia zaidi kwenye chakula, na watoto waliofikia umri wa sekondari walikuwa na nafasi zaidi ya kuwa shuleni. Kule Rarieda, Kaunti ya Siaya, shirika la GiveDirectly lilitoa pesa bila masharti kwa nyumba maskini kuanzia 2011, na watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro wakafuatilia. Matumizi ya pombe na sigara hayakuongezeka. Mwaka 2014 David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walikusanya tafiti 19 kutoka Afrika, Amerika ya Kusini na Asia kuhusu swali hilohilo. Karibu zote zilionyesha kuwa matumizi ya pombe na sigara hayakupanda, na kwingine yalishuka.

Marekani walikwenda mbali zaidi. Katika jimbo la Florida, wabunge walikuwa na hakika kwamba wanaoomba msaada wa serikali ni watumiaji wa dawa za kulevya, na mwaka 2011 wakapitisha sheria ya kuwapima mkojo waombaji wote. Kila mwombaji alijilipia kipimo na kurudishiwa pesa akionekana safi. Kabla mahakama haijaisimamisha sheria hiyo miezi michache baadaye, watu 4,086 walikuwa wamepimwa. Waliopatikana na dawa walikuwa 108, yaani chini ya 3 kati ya kila 100. Serikali ya jimbo ikalazimika kuwarudishia wengine wote gharama zao.

Ukitaka kujua pombe iko wapi hapa kwetu, uchunguzi wa NACADA wa mwaka 2022 uligundua kwamba Mkenya 1 kati ya 8 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 alikuwa akinywa pombe wakati huo, na 1 kati ya 6 alikuwa akitumia angalau kileo au dawa moja, ikiwemo tumbaku, miraa na bangi. Katika matatu ya abiria 14 watu wazima kutoka Nakuru hadi Elburgon, hao wanywaji ni karibu wawili. Wako kwenye ofisi, kwenye kwaya, kwenye kikosi cha bodaboda. Anayelewa kwa mshahara wake hatumwiti mwizi wa kodi, hata kama mshahara huo umelipwa kwa kodi.

Na yule anayekunywa kweli?

Yupo. Makala haya hayana maana kama yatajifanya hayupo. Kuna wazee wanaomaliza pesa zote kilabuni na kuna wajukuu wanaowaibia. Swali la maana ni hatua gani ichukuliwe, na hapa ndipo wengi wetu hukosea kama nilivyokosea mimi, kwa kudhani dawa ni kuikata nyumba nzima.

Mpango unaruhusu mlezi kubadilishwa. Kama anayepokea kwa niaba ya watoto au ya mtu mwenye ulemavu anatumia pesa vibaya, familia au jirani anaweza kupeleka habari kwa chifu au kwa ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo ya Molo, na mtu mwingine wa familia anayeaminika akapendekezwa. Mtoto anabaki kwenye orodha. Ukienda, nenda na ulichokiona mwenyewe: siku gani, nani, nini kilitokea, na watoto wana hali gani. Usiende na "watu wanasema". Mtoto akiwa anapigwa au ananyimwa chakula, piga simu 116, ambayo ni ya bure.

Kwa mzee mwenyewe aliyezama katika pombe, uraibu ni ugonjwa unaotibika. NACADA ina nambari ya bure ya ushauri, 1192, na anayepiga si lazima awe mlevi. Mke, mtoto au jirani anaweza kuuliza aanzie wapi. Hospitali ya Elburgon inaweza kumwona kwanza. Tusimfungie mlevi sugu ndani ghafla bila pombe tukidhani tunamsaidia, kwa maana aliyezoea kunywa kila siku kwa miaka mingi anaweza kupata degedege akiacha mara moja. Apelekwe kwa wahudumu wa afya.

Upande wa vilabu ni jukumu letu sisi kaunti. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, utoaji wa leseni za pombe uko mikononi mwa serikali za kaunti, na sheria ya 2010 ya kudhibiti vileo, ambayo wengi bado huiita sheria ya Mututho kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, iliweka saa za kufungua na kukataza kuwauzia watoto. Kilabu kinachofunguliwa asubuhi ya siku ya malipo kinavunja sheria. Mkazi anayeona hilo alete malalamiko kwa msimamizi wa wadi, na aseme jina la mahali na saa.

Zoezi la nyumbani au la chama

Chukua karatasi. Andika majina ya watu 10 wa kijiji chako unaojua wanapokea Inua Jamii. Mbele ya kila jina, andika kitu kimoja ambacho wewe mwenyewe uliona wakifanya na malipo ya mwisho. Usiandike ulichosimuliwa. Pale usipojua, acha wazi.

Nilipolifanya na kina mama wa chama kimoja mjini, wengi hawakufikisha majina matatu yenye kitu mbele yake. Mmoja aliyekuwa amesema mwanzoni kwamba "karibu wote wanalewa" alitazama karatasi yake kwa muda, akaandika jina moja, halafu akaniuliza kama anaruhusiwa kumwandika marehemu mumewe, ambaye hakuwahi kupokea pesa hizo. Nilimwambia amwandike. Tulizungumza juu ya mume huyo mchana kucha, na usajili unaofuata kijijini mwao yeye ndiye aliyechaguliwa kupita nyumba kwa nyumba kuuliza nani anawalea watoto.

Vyama, makundi ya kanisa na wazee wa mtaa wanaotaka kulifanya zoezi hili katika mkutano wao wanaweza kuomba afisa wa kuwaongoza kupitia ofisi ya wadi. Halilipiwi, na linachukua kama saa moja.